Vioo vya Gari la Raija

Mpaka watu wasiojuana waongee kwenye basi la Oulu, huku Finland, asubuhi, ujue pana jambo. Mbele yangu Raija, jirani yangu wa ghorofa ya pili, alikuwa akimwambia mama mmoja mwenye kofia nyekundu: "Leo nimekuta gari langu limekwanguliwa barafu, vioo vyote! Sikusikia hata mkwaruzo. Na gari lenyewe halijawaka tangu Novemba!"

"Basi una mchumba, dada."

"Mchumba wapi! Mwehu huyo."

"Mwehu hakwangui mpaka kioo cha nyuma."

Nikavuta skafu hadi puani. Nusu saa nzima nilikwangua gizani, taratibu kama ninayenyoa kichanga, hata tochi sikuwasha, nisije nikawaamsha majirani. Ufunguo ulipogoma ndipo nikaona gari langu pembeni, bado jeupe pe kwa barafu. Muda wa kulikwangua haukuwepo tena, nikakimbilia basi.

"Kesho namwekea mkate wa mdalasini juu ya boneti," Raija akasema, "tuone kama ni mchumba au mwehu."

Basi likasimama, wakashuka. Mimi nikabaki nikiwaza kesho nianze kukwangua gari lipi.