Kitasa Alichokifuta Bwana Pruitt

Zimeni hiyo televisheni, wanangu, msogee, maana pumzi yangu imekuwa ya kukopa. Verlene, shika mkono wangu. Thaddeus, wacha kuangalia dirishani, maneno haya ni yako kuliko ya dada yako.

Nyumba hii niliyopanga hapa Toledo haina kitu cha kugombania. Sufuria za chuma achukue Verlene, kiti cha baba yenu achukue Thaddeus. Urithi wenu ni kesi niliyomfungulia Bwana Pruitt, na kesi haifi nami. Wakili kaniambia nikifa mtasimama nyinyi mahali pangu.

Mnajua nilivyokwenda kwake, nimevaa kofia yangu ya kanisani, kuomba kupanga ile nyumba yake yenye kibaraza. Akanichekea mpaka fizi! "Ah, mama yangu, umechelewa kidogo tu, imeshachukuliwa." Akanipa biskuti ya limau juu ya karatasi, vidole vyetu visije vikagusana, nami kwa adabu nikaila. Sijashuka ngazi nikamwona anatoa leso, anafuta kitasa nilichokishika. Daktari anasema kutapika huku kunaletwa na dawa. Dawa gani! Ni ile biskuti.

Njia ya mwongo ni fupi. Nikaenda kumshtaki kwenye ofisi ya kutetea wapangaji, nayo ikamtuma Bibi Haskett, mzungu mwenzake, siku ileile, aulizie nyumba ileile. "Ingia, ingia, mama, ipo wazi! Mtaa wetu bado msafi." Msafi! Akampa ufunguo ajionee vyumba, na Bibi Haskett akayasema yote mbele ya wakili, ameapa.

Sasa Pruitt anataka kutulipa tunyamaze, asikiri kosa, wala nyumba asitupangishe. Na wewe, Thaddeus, ukaniambia, "Mama, funika kombe mwanaharamu apite." Mwanangu, nimefunika makombe maisha yangu yote, na wanaharamu hawapiti, wanarudi na ndugu zao. Baba yako alifukuzwa kwenye milango kama ile akanyamaza, na ule ukimya ndio uliomla, si moyo kama walivyoandika hospitali. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Usitie sahihi. Niahidi. Sema kwa sauti, dada yako asikie.

…Haya. Nimesikia.

Nikizikwa, watu wataleta kuku na mikate ya mahindi, kuleni. Pruitt akileta shada la maua, lirudisheni mlangoni kwake, wala msimtukane, msichafue vinywa vyenu. Simameni mpaka jaji amlazimishe kuipangisha nyumba ile kwa mtu mweusi kama sisi, na mtu huyo awe Verlene na wanawe.

Maji kidogo… basi, yatosha.

Mungu awape mgongo usioinama, na mlango… mlango unaofunguka. Verlene, siku ukipewa ufunguo, usigeuke kumtazama kama anafuta kitasa. Kishike… kwa mkono wote, mwanangu. Ingia.