Musi Aliyelala Kando ya Ziwa

Kwa jina la Mwenye kuazima pumzi na kuitaka irudi kwake, nasema mimi Athumani bin Shomari, mpishi wa nyumba hii ya Muaither, hapa Doha, tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, akili yangu ikiwa timamu ingawa kifua kimenikataa. Kaeni chini, wanangu. Latifa, punguza hicho kiyoyozi, kinaninyang'anya maneno. Faraji, weka simu, abiria watapata dereva mwingine. Nawe Idrisa, usisimame mlangoni na begi begani kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo. Kaa na wenzako, mkeka ni huu huu.

Ya jana nimeyasikia yote. Ukuta wa chumba hiki cha watumishi ni mwembamba, na mgonjwa hana kazi nyingine ila kusikiliza. Nimemsikia Idrisa akiwaambia nduguze, "Nyinyi mmemla akiwa mzima, nipeni basi mifupa yake." Nimemsikia Latifa akilia, na Faraji akijibu maneno ambayo ndugu hamjibu nduguye. Kisha nikasikia kwamba tiketi yangu iko tayari, na kiti cha magurudumu, na kwamba kesho nitapandishwa ndege nikafie Pangani, nizikwe ubavuni mwa babu yenu. Na binti Cherotich, yule muuguzi wa Kikenya anayekuja kunitia dawa, alipowaambia kwamba mzee huyu mkimsafirisha atawaishia njiani, mlirudi kwenye habari ya tiketi. Sasa nitasema mimi, na asinikatize mtu, maana pumzi nilizobakiza si za kubishana.

Idrisa, una haki ya kunung'unika. Kwetu mjukuu wa kwanza ni amana. Wazazi wakienda mbali, bibi humshika yeye ili wajue njia ya kurudi. Ndivyo ulivyoshikwa wewe kule Pangani, ungali hujui kutembea, na nduguzo wakazaliwa hapa kwa hisani ya kafili wetu, tajiri aliyetudhamini, wakaniona kila asubuhi nikikanda unga. Nilikuja Pangani kwa likizo, nikakuta kila mara umerefuka, unanipa mkono kama mgeni. Hayo siyafichi na wala sitafuti wa kumlaumu. Lakini sikilizeni kwanza kisa cha musi, ambacho sikuwahi kukimaliza kwa sababu kila nikikianza mnacheka.

Mnajua Abu Nasir, mwenye nyumba hii, alivyokuwa akipenda mawindo. Jangwani alikuwa akirusha kozi, yule mwewe wa kuwindia, naye akimbwaga tandawala, mimi nakimbia na kisu nimwahi yule ndege kabla roho haijatoka, nimchinje, tule halali. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu nje ya jiko. Basi mwaka wa elfu mbili na nane akasema anakwenda kaskazini ya dunia, Kanada, kuwinda musi, mnyama mkubwa wa misitu ya baridi, na mchinjaji wake lazima awepo. Akanivisha koti zito kama godoro, tukapanda ndege kubwa, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi iliyotua juu ya maji, ikatuacha na kuondoka, na kimya kikatufunika.

Wanangu, hata leo nikifumba macho niko kule. Ardhi ilikuwa laini, mguu unazama katika kuvu za kijani zilizotanda ardhini, kama unakanyaga mto wa kulalia. Miti imegeuka manjano yote, na ukungu umelala juu ya ziwa hata hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Hapakuwa na adhana, hapakuwa na gari, nikawa najiadhinia mwenyewe na sauti yangu inakwenda mbali, inarudi imepoa. Nilimwona mama yenu, Mwajuma, katika ukungu ule. Alikuwa na miaka mitatu kaburini, na hapo nikamwona anateka maji, hana haraka, wala hakunitazama. Sikuogopa. Nilitaka tu kumuuliza kama yuko vizuri, nikaona haya kumsumbua.

Aliyetuongoza alikuwa mzee wa kule kule, jina lake Dominiko, mtu wa maneno machache, na mimi Kiingereza changu ni cha jikoni, kwa hiyo tulielewana sana. Alikuwa na baragumu la ganda la mti, akilipuliza linalia kama jike la musi, kisha anakaa, anangoja. Asubuhi moja dume likajibu. Likatoka ukunguni bila kuvunja hata kijiti, mnyama kama pofu wa mbugani kwetu, lakini pofu ni ndama mbele yake, na pembe pana kama nyungo mbili. Abu Nasir akapiga bismillahi, akapiga bunduki. Mnyama akapiga magoti, akajilaza taratibu kwenye majani kando ya ziwa, kichwa amekielekeza majini.

Dominiko akaketi. Akatoa chupa ya chai, akatuonyesha kwa mkono kwamba tukae, tumwache mnyama akate roho pale pale. Lakini sisi, wanangu, ni watu wa tandawala. Abu Nasir akanisukuma begani: "Athumani, kisu, mwahi!" Risasi ilikwisha kusomewa bismillahi, kisu hakikuwa na lazima, lakini mazoea yana taabu, na mtumishi akitumwa huenda. Nikakimbia huku kuvu zinanimeza hadi magoti. Nilipofika karibu, musi akainua kichwa akanitazama, jicho lake pana, jeusi, limetulia. Kisha kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi akasimama, akanipa mgongo, akaingia ziwani hatua kwa hatua, maji yakafika tumbo, yakafika shingo, yakamfunika.

Tulimtoa kwa kamba na mashua. Abu Nasir akasimama juu yake, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hatuwezi kumla, kwani aliyefia majini hujui ameuawa na risasi au na maji, na penye shaka mtu huacha. Nyama yote ile ikachukuliwa na watu wa Dominiko, wakala wao na wazee wao, na sisi matajiri wa Doha tukala samaki wa kopo. Nilimwendea Dominiko kumtaka radhi kwa niaba ya bwana wangu. Akasema: "Alikuwa amekwisha kuchagua mahali pake. Nyinyi mlichomwongezea ni safari tu."

Idrisa, mwanangu, umenielewa. Nimelala. Kiwiliwili hiki kimekwisha kujilaza chenyewe, hapa, na wewe unanijia mbio na tiketi. Ukiniinua nitainuka, kwa sababu nakupenda, na nitakufia angani, na hutapata ulichokifuata. Kujua kwamba kaburi langu liko Pangani hakutakupa baba. Mifupa haimlei mtu.

Basi haya ndiyo maagizo yangu. Nikiondoka, nioshwe na nizikwe siku hiyo hiyo, huku makaburini Abu Hamuri aliko mama yenu. Sitalala ubavuni mwake, huku maiti hachagui jirani, lakini mchanga ni mmoja. Kiwanja cha Pangani na vilivyomo mgawane kama sheria ilivyopanga, asidhulumiwe Latifa kwa kuwa ni mwanamke. Idrisa ndiye atakayenisalia jeneza, asitangulizwe mtu mwingine, hata imamu akiwepo. Faraji, utamwomba radhi kaka yako leo, kabla jua halijatua, wala usiseme yeye ndiye aliyeanza. Mwambieni Abu Nasir nimemsamehe yote, na lile koti lake limenifaa.

Nipe maji, Latifa. Kidogo... basi.

Mungu awape riziki isiyowatenga. Awape wazee mtakaowazika kwa mikono yenu, na watoto watakaowazika nyinyi. Msikae mbali muda mrefu... mbali kuna tabia ya kuzoeleka. Ninawaridhia, wote watatu, kwa mlichofanya na kwa mlichoshindwa.

Faraji, toa huo mto, sogea. Latifa, funga pazia, jua la alasiri linanipiga usoni... Idrisa. Weka begi chini. Vua viatu, njoo upande huu wa ukutani. Usione haya, mvi zako si kitu, mimi ndiye niliyekuzaa. Hujapata kulala ubavuni mwangu tangu ulipoachishwa ziwa... Njoo, baba. Jilaze. Tulale.