Filamu Bora ya Mwaka Ilionekana kwa Faraji Tu

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji. Mchungaji na Shehe wetu, ambao leo mmebanana benchi moja na simwoni anayetaka kusogea. Ndugu Faraji, mwenye ukumbi huu wa video. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama mliokuja moja kwa moja kutoka shambani, wageni mlioalikwa na ninyi mliojialika wenyewe: habari za mchana!

Mimi ni Modesta, mkulima wa karoti, na ndimi mwenyekiti wa Kamati ya Tuzo za Filamu. Filamu sijazisomea. Lakini mwaka huu nimekaa humu kila Jumapili baada ya misa, nimeona filamu arobaini na sita, na katika zote hizo nimesinzia moja tu. Huko ng'ambo nako wanagawa tuzo msimu huu huu, wamevaa magauni yanayofagia sakafu. Sisi tumevaa masweta, na kwa baridi hii ya Lushoto nani atathubutu kutucheka?

Nianze na hiyo niliyosinzia. Ni ile ya chombo cha angani! Saa tatu nzima watu sita wanatazama taa zinawaka na kuzima. Nikalala, nikaamka, bado wanatazama taa! Hiyo Kamati imeipa Tuzo ya Usingizi, na haikupingwa na mtu.

Halafu ile ya kutoka Dar. Binti anaumwa malaria, yuko kitandani, anatetemeka, lakini kope zimebandikwa na midomo inang'aa! Ninyi mmewahi kuumwa malaria mkapendeza vile? Ila mama mkwe wake, jamani, mama mkwe! Yule mama alikuwa mbaya mpaka Mwenyekiti wetu wa Kijiji akasimama humu ndani akamwamuru ahame. Usijifiche, Mheshimiwa, tulikusikia wote. Mwigizaji Bora ni yule mama.

Sasa Filamu Bora. Mnajua ninakokwenda, na Mzee Idrisa, aliyekaa kule nyuma karibu na mlango kana kwamba anataka kutoroka, naye anajua.

Kwa faida ya mgeni rasmi, nieleze. Hapa kwa Faraji filamu ya kigeni hupunguzwa sauti, na Mzee Idrisa hushika kipaza sauti akatutafsiria. Miaka kumi na minane sasa. Majambazi wa Marekani huwapa majina ya kwetu, na kama mtu ni mkorofi sana humfanya mkwe wa watu wa kijiji cha Bungu. Jambazi akikasirika, Mzee humtukanisha kwa Kishambaa chetu, na hapo ndipo paa hili hutaka kuruka.

Mwezi wa kumi ikaja ile ya Kikorea. Mwanamke mwenye koti jekundu anatembea kwenye theluji, anagonga mlango, mwenzake anafungua, wanaongea muda mrefu, wanalia. Mzee Idrisa akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Mdogo wangu, nimekuja. Shamba la baba chukua lote. Mimi nipe chai tu."

Ukumbi mzima ulilia. Shehe alilia. Mimi nililia kwa sababu yangu. Mdogo wangu Janeth, huyu hapa mstari wa pili, tulikuwa hatujasemeshana miaka tisa kwa ajili ya kibonde cha mboga alichotuachia baba. Kesho yake asubuhi niliziacha karoti, nikashika njia ya Kifungilo, nikagonga mlango wake. Maneno yangu mwenyewe yalinikauka, nikasema yale ya filamu, neno kwa neno. Janeth akasema, "Chai ipo." Ndiyo hayo tu.

Basi Krismasi nikaenda Tanga kwa mwanangu Alen. Akaniwekea filamu ileile kwenye kompyuta, yenye maandishi ya Kiswahili chini. Ndugu zangu! Yule wa koti jekundu ni mpangaji. Amekuja kumwambia mwenye nyumba kwamba bomba limepasuka. Na mwenye nyumba analilia mazulia yake!

Nilicheka mpaka Alen akaniletea maji. Nilivyorudi, nikafanya kosa. Nilisimulia sokoni, kwa sauti, kwa mbwembwe zangu zote, na kabla ya saa sita soko zima lilikuwa linamcheka Mzee Idrisa. Alipita palepale na kikapu chake. Akasema, "Kumbe mimi ni mwongo," akaja hapa, akakitundika kipaza sauti kwenye msumari. Jumapili saba tumetazama midomo inacheza tu. Wiki iliyopita watu wanne. Faraji anafikiria kuugeuza ukumbi huu stoo ya viazi.

Mzee Idrisa, sikukusudia, lakini nilikuumiza, na kwa kuwa nilikuaibisha mbele ya watu, naomba radhi mbele ya watu. Ulitunga? Ulitunga! Lakini ni nani humu alidhani umesomea Kikorea? Ulikisomea wapi, hapo jirani Irente? Tulijua sote, tukaja hivyohivyo, kwa sababu tulikuwa tunakuja kukusikiliza wewe.

Filamu Bora ya mwaka, kwa kura zote za Kamati, ni ile ya dada wawili na shamba la baba, ambayo haikuonyeshwa popote duniani isipokuwa hapa. Kikapu hiki cha matunda damu ya mashamba yetu ni chako. Jibini ametoa Janeth.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee, ndugu zangu, ahsanteni kwa kunipa masikio yenu muda wote huu. Faraji, washa projekta. Haya, simamisha hapo hapo.

Mzee Idrisa, shikamoo. Huyo bibi ukutani amefumbua mdomo, ana jambo zito la kusema, na humu ndani hakuna anayejua ni nini. Tunakungoja.