Mzee Dira Anaiaga Rafu ya Safari

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi na moja jioni, Mzee Dira atatundika koti lake la kazi kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa stoo na hatalivaa tena. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika duka letu la vitabu, yote akiwa kwenye rafu moja: rafu ya safari, yenye vitabu vya kuwaongoza wageni na ramani za kila ukubwa. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu mimi ndiye mtu wa stoo, na kwa miaka kumi na minne nimemfungulia maboksi yake na kunywa naye chai ya saa nne. Mama mwenye duka ameniagiza niwe mfupi na niwe na adabu. Nitajitahidi, walau kwa hilo la pili.

Wengi hawajui kwamba hakuja hapa kuuza vitabu. Alikuja na msumeno. Marehemu baba yake mama mwenye duka alimwita, akiwa fundi seremala kijana, amtengenezee rafu kwa siku tatu. Kila mchana fundi alikula haraka, kisha akakunjua ramani moja sakafuni na kuizunguka akiwa amepiga magoti. Siku ya tatu dereva mmoja wa lori aliuliza njia ya kwenda mji fulani bila kupita kwenye mteremko mbaya. Muuzaji akakuna kichwa, fundi akajibu kutoka juu ya ngazi. Dereva ndiye aliyempa jina la Dira, na mwenye duka akampa kazi jioni hiyohiyo. Rafu yenyewe imeegemea kushoto mpaka leo, maana fundi aliajiriwa kabla hajaimaliza.

Namna yake ya kuchagua vitabu ilikuwa ya peke yake. Kitabu kipya kilipoingia, hakutazama picha wala jina la mwandishi. Alifungua ukurasa unaoueleza mji wetu huu, akasoma polepole na penseli mkononi. Alisema kitabu kinachokudanganya kuhusu mahali unapopajua hakiwezi kukwambia kweli kuhusu mahali usipopajua. Mwaka mmoja kitabu chenye jalada la kupendeza kilisifu utulivu wa hoteli iliyo jirani yetu, ile iliyopakana ukuta na karakana ya kuchomelea vyuma. Mzee Dira alirudisha nakala zote kumi na mbili kwa msambazaji, pamoja na barua fupi ya kumkaribisha mwandishi alale huko usiku mmoja tu. Njia ya mwongo ni fupi, na kwenye rafu ile ilikuwa fupi zaidi.

Kwa wateja pia alikuwa na utaratibu wake. Hakuanza kwa kuuliza unakwenda wapi. Alianza na unakwenda na nani, kisha ni jambo gani hukuudhi upesi ukiwa umechoka. Wengine waliona ni umbeya, nami sikatai kwamba ulikuwemo kidogo, lakini majibu ndiyo yaliyomwongoza mkono. Maharusi waliokuwa wakienda fungate walitaka kitabu kinene kuliko vyote. Aliwanyima. Akawapa kijitabu chembamba na ramani moja, akawaeleza kwamba watu wawili wenye orodha ya vivutio mia mbili hawafiki siku ya nne bila kununiana. Walirudi baada ya miaka sita wakiwa na mapacha, wakaomba kijitabu kingine chembamba.

Bwana mmoja alitaka ramani ya jiji la mbali aitundike sebuleni, wageni wadhani ameshafika huko. Mzee Dira hakumcheka. Alimshauri kwa upole aikunje na kuikunjua mara kadhaa kwanza, kwa sababu ramani iliyosafiri haikosi mikunjo.

Jambo lililotujengea jina kuliko yote ni karatasi za waliorudi. Kila mteja aliyerejea safarini alidakwa mlangoni na kuhojiwa: daraja gani limefungwa, basi la asubuhi linaondoka saa ngapi kweli, nyumba gani ya wageni imebadili mwenyewe. Mzee Dira aliandika majibu kwenye vipande vya karatasi na kuvichomeka ndani ya vitabu vilivyobaki kwenye rafu. Watu walinunua kitabu kwetu kwa ajili ya vile vipande. Anaviacha vipande zaidi ya elfu moja, na dada wa vitabu vya watoto, atakayerithi rafu, ameahidi kuendelea kuwadaka watu mlangoni.

Sasa nifike kwenye yaliyomfanya astaafu miaka miwili kabla ya wakati. Yeye mwenyewe ameniomba nisiyaruke.

Mwaka jana mwezi wa nane alikuja mwalimu mmoja wa kike, mteja wetu wa siku nyingi. Baba yake, naye mwalimu mstaafu, alikuwa ameanza kusahau. Majina ya wajukuu yalikuwa yakimponyoka, lakini shule ya kwanza aliyofundisha, huko milimani, aliitaja kila siku na kuomba apelekwe. Daktari alikuwa amemshauri binti asichelewe. Barabara ya gari haifiki huko, kwa hiyo alihitaji ramani yenye njia za miguu. Milima ile imechorwa kwenye karatasi mbili, ya kaskazini na ya kusini, zenye jalada moja na mto mmoja, zikitofautiana kwa neno moja tu la herufi ndogo. Alihitaji ya kaskazini akaondoka na ya kusini. Hakuikagua, maana nani angemkagua Mzee Dira?

Walizunguka siku nzima wakitafuta njia isiyokuwemo kwenye karatasi yao. Baba alichoka, akalia, wakarudi mjini. Yule mwalimu alipokuja dukani hakugomba. Aliiweka ramani juu ya kaunta na kutueleza kwamba baba sasa ameanza kusema labda shule hiyo haikuwahi kuwepo.

Mzee Dira alikwenda kumletea kiti. Kesho yake aliomba likizo ya wiki moja, ya kwanza kwa miaka tisa, akaenda nao. Binti alisoma majina kwenye karatasi sahihi, naye Mzee Dira, aliyeijua kwa moyo, akawaambia wageuke wapi. Shule waliikuta. Siku hizi ni ghala la madawati mabovu. Baba alisimama mbele ya ukuta, akayahesabu madirisha kwa kidole, kisha akasema:

"Madirisha yalikuwa manne."

Yalikuwepo matatu. Binti akaanza kumbembeleza, kama mtu anavyombembeleza mgonjwa. Mzee Dira akausogelea ukuta, akaupapasa kwa kiganja kama afanyavyo seremala, taratibu, mpaka vidole vikagusa ukingo chini ya lipu. Dirisha la nne lilikuwepo, limezibwa kwa matofali. Mwalimu alitusimulia kwamba baba yake alicheka mpaka akakaa chini, na kwamba njiani kurudi alitaja wanafunzi wake mmoja mmoja, kuanzia dawati la mbele.

Jumatatu iliyofuata, kwenye kikao cha asubuhi, Mzee Dira alisimama mbele yetu.

"Macho yangu yamekwisha," alisema. "Nilimpa yule binti karatasi isiyo yake kwa sababu siioni. Asiyeona haachwi auze ramani."

Mama mwenye duka alimsihi kwa wiki mbili. Hakubadilika, na mguu wake umekuwa mzito kila anapoikaribia rafu ile tangu siku hiyo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunamshukuru kwa uvumilivu, kwa utani wa saa nne, na kwa kila msafiri aliyerudi nyumbani salama akiwa na la kusimulia. Mke wake, fundi cherehani, naye tunamshukuru kwa kutuazima mume. Ametukumbusha kwamba mlango wa jiko lake unasubiri seremala kwa mwaka wa kumi na moja.

Hapo ndipo wasifu ulipaswa kwisha. Lakini nina deni la maneno, na Ijumaa nitayasoma haya kwa sauti kwa kuwa yeye hawezi kuyasoma, hivyo atayasikia pamoja nanyi.

Niligundua habari ya macho yake miaka mitatu iliyopita. Sikumwambia mtu. Nilianza kubandika vibandiko vya rangi kwenye pembe za ramani, njano kwa kaskazini, buluu kwa kusini, nikisingizia kwamba napamba rafu. Hakuuliza, nami sikueleza, ila mkono wake haukukosea hata mara moja. Mwezi ule wa nane boksi la ramani za milimani lilipofika, nilikuwa kwenye simu nikibishana na ndugu yangu juu ya nani akae na mama yetu. Nikabandika njano kwenye karatasi za kusini. Yule mwalimu aliporudi, nilikiona kibandiko changu kwenye pembe ya ramani. Mzee alipokwenda kumletea kiti, nilikibandua kwa ukucha nikakitia mfukoni. Na Jumatatu aliposema macho yake ndiyo yaliyokosa, nilitazama sakafu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami nimeumbuka kwa miezi mingi bila mtu kuniona. Nilikuwa na aibu, na niliogopa kumpoteza rafiki.

Mzee wangu, nisamehe. Macho ni kweli yamechoka, na mapumziko umeyastahili. Lakini siku ile ulitafuta njano, ukaichukua njano, kama ilivyopasa. Aliyewapoteza wale watu milimani ni mimi, na aliyewafikisha ni wewe. Kwa miaka thelathini na mmoja hukumpa mtu njia isiyo yake hata mara moja. Kapumzike moyo ukiwa mweupe, Mzee Dira, nasi sote tunakuombea siku nyingi zenye heri.