Fulana Mbili za Kiwanda Kimoja

Mbele yangu kwenye basi walikaa watu wawili wasiojuana, kila mmoja kavaa fulana ya kiwanda kilekile cha sabuni. Ya mzee, iliyopauka, iliandikwa "Miaka Hamsini". Ya dada ilikuwa mpya: "Miaka Kumi".

"Mwanangu, hapo wamekosea," mzee alisema, akionyesha fulana ya dada. "Mimi nimestaafu hapo, na leo naenda kwenye sherehe."

"Hawajakosea, baba. Tajiri mpya anahesabu tangu alipokinunua."

"Na mitambo?" "Ileile." "Na sabuni?" "Ileile, baba, hata harufu." Kichwa kilishaanza kuniuma mimi, nisiyehusika.

"Sasa ile miaka thelathini nilikuwa nachemsha sabuni wapi?"

Konda akagonga bodi: "Kiwandani, shukeni!"

Mzee akainuka nusu, akamuuliza, "Kipi?"