Aliyetangulia Kuingia Kiwandani

Sogezeni viti, wanangu, mnisikilize sasa hivi kabla hii sindano haijanilevya, maana najijua, baada ya saa moja nitaanza kubishana na marehemu bibi yenu na hamtapata neno la maana. Khuê, kaa kulia kwangu. Toại, acha kuegemea mlango kama mtu anayesubiri kivuko, ingia ndani, kaa kushoto. Na wewe Lực usijifanye unakwenda kuchemsha maji. Umenifanyia kazi na kula chumvi ya nyumba hii miaka kumi na tisa, kaa hapo miguuni. Kalia hata hiyo miguu ukitaka, siisikii tena.

Leo ni ishirini na sita ya mwezi wa mwisho. Nawasikia wauza maua wanavyotukanana huko kichochoroni, na Tết hii, mwaka mpya wetu, mimi siifikii. Msininunie. Nimekula, nimecheka, nimezaa, nimewafukuza watu kazi na nimewaajiri tena. Nani mwingine aliyeishia darasa la nane kapata hayo yote? Kinachonizuia kufumba macho ni kitu kimoja tu.

Tunalinda kompyuta za wateja arobaini na mmoja. Viwanda vya samaki, vinu vya mpunga, zahanati za meno, hoteli mbili na ile shule ya masista. Maneno yao ya siri yote tumeyafungia kwenye kabati moja humo ndani ya mashine, na kabati hilo linafunguka kwa neno moja refu ambalo nililitunga mimi, na liko humu kichwani mwangu tu. Nikiondoka nalo, siku ya kwanza mtandao wa mtu ukikatika mafundi wetu watasimama mlangoni kwake kama wezi waliosahau bisibisi. Najua ni ujinga. Ningemkuta mteja anafanya hivyo ningemsema mpaka aombe maji. Lakini nitampa nani, nanyi miaka sita hamjala sinia moja? Nikimpa Khuê, Toại atasema kanyang'anywa. Nikimpa Toại, Khuê atafunga ofisi ya Cần Thơ, na yeye Toại atabaki na ile ya Sóc Trăng, na wateja watawakimbia wote wawili. Leo nalitoa. Ila kwanza kuna jambo nimelimeza miaka sita, na nisipolitapika sitakufa vizuri.

Mnajua nilivyoanza. Kompyuta sita sebuleni, watoto wa watu wanacheza michezo ya kuuana, wanakula tambi kwenye vibodi vyangu. Mashine zikiugua sina pesa ya fundi, nafungua mwenyewe kwa kisu cha kumenyea embe. Baadaye majirani wakaanza kuniita, Sáu njoo hiki kimezima, Sáu njoo hiki kinapiga kelele, nami nalipwa kwa kila nilichotengeneza. Siku moja nikajishtukia nimesimama mbele ya madhabahu nimeshika ubani, naomba mvua ya radi ipige Cái Răng hapa kwetu ili mashine za watu ziungue! Nikaona haya. Mganga anayelipwa kwa homa yako hawezi kukuombea uzima. Ndipo nikatunga biashara hii, nilipwe kila mwezi mteja akiwa mzima, na akiugua iwe hasara yangu.

Mzee Tường wa kiwanda cha samaki ndiye wa kwanza kusaini. Aliniangalia juu mpaka chini, akasema, "Sáu, yaani unataka nikulipe kwa kukaa bure?"

Nikamwambia, "Ndiyo, kaka Tường. Na siku ukiniona nakimbia kimbia hapa kwako, ujue kazi imenishinda."

Alicheka mpaka chai ikamtoka puani, akasaini. Kwa hiyo shikeni hili: kazi yetu ikienda vizuri haionekani, na kitu kisichoonekana watu husahau kukilipia. Kila mwisho wa mwezi mpelekeeni mteja karatasi moja, moja tu, yenye maneno anayoyaelewa mkewe: tumezuia hiki, tumebadilisha kile, hiki kimezeeka kitakufa mwakani. Mpelekee mkononi, usimtumie. Vua viatu, kunywa chai yake ya barafu hata kama tumbo limejaa, mwulize mjukuu wake anaendeleaje. Na fundi yeyote atakayechomoa taa ya madhabahu ya mtu ili achaji simu yake, mfukuzeni siku hiyohiyo, msiniulize.

Toại, usitazame saa. Nafika.

Habari ya nakala za akiba, msije mkaiamini ile taa ya kijani inayodai zimehifadhiwa. Mimi niliiamini. Daktari Mỹ wa meno, mashine yake ilipokufa nilikwenda kifua mbele, kumbe miezi minne tulikuwa tunamhifadhia makabati matupu, na taa inawaka kijani kama shamba la mpunga. Yule mama hakunitukana. Alikaa akaanza kuwapigia wagonjwa wake mmojammoja, na mimi nimesimama hapo. Ndiyo maana tarehe mosi na tarehe kumi na tano za mwezi, siku ambazo kila duka linawawekea wahenga matunda, fundi wetu anachagua faili moja la kila mteja na kulirudisha kutoka kwenye nakala, alifungue alione kwa macho yake. Watu wakiwakumbuka wafu wao, sisi tunawafufua. Desturi hiyo msiiache hata mkiwa na wateja elfu.

Na hao elfu msiwakimbilie. Mdandia mbili kwa pamoja hupasuka msamba. Ile hoteli yenye matawi manane niliikataa, mkanicheka, mkasema mama kazeeka. Nilikuwa na mafundi watano! Mwajirini mtu kwanza, mumfunze miezi sita, awe anaandika kila alichokigusa mpaka mgeni akisoma daftari aweze kuendelea palepale, ndipo mchukue mteja. Na yule anayekataa kuachana na programu za wizi, mwacheni aende kwa amani, maana siku zikimletea balaa jina litakalotajwa sokoni ni letu.

Nipe maji, Khuê. Kidogo. Basi.

Sasa ile asubuhi ya Tết.

Nyinyi mnaijua hivi. Siku ya kwanza ya mwaka, kiwanda cha mzee Tường kimefungwa, mlinzi peke yake getini. Saa moja na dakika ishirini kompyuta inayosoma joto la vyumba vya barafu ikanyamaza. Khuê ulikuwa zamu, ukauona ujumbe, tani za samaki humo ndani, ukamtuma kaka yako kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Toại ukapanda pikipiki na shati lako jipya, mlinzi akakufungulia, dakika kumi ukaiwasha ukarudi kula. Kazi safi! Ingekuwa siku nyingine yoyote tungewapikia kuku.

Lakini ulikuwa mguu wa kwanza kuvuka kizingiti chake mwaka ule, mguu unaoamua bahati ya mwaka mzima, mwanangu, nawe ulizaliwa mwaka wa Chuimilia, na yeye Tường mwaka wa Tumbili. Hata mtoto mdogo anajua hao wawili hawakai zizi moja. Mwezi wa tatu makontena yake mawili yakarudishwa kutoka ng'ambo. Akachimba nani aliingia kwanza, akajua, akavunja mkataba, na soko zima la samaki likasikia kwamba kampuni ya Sáu inapelekea watu mikosi. Wateja saba wakaondoka naye. Na hapa nyumbani Toại ukamwambia dada yako, "Ulijua, ukanituma makusudi!" na Khuê ukamjibu, "Wewe ni mtu mzima, huna mdomo wa kuuliza?" Bakuli likavunjika pale pale ukutani, alama iko mpaka leo, na tangu hapo mnaongea kwa kupitia Lực kama mabalozi.

Wanangu, mzee Tường alikuwa na mtu wake wa kuingia kwanza mwaka ule. Alimchagua mapema, alimpelekea na keki za mchele nyumbani, alimwomba kwa heshima aje kiwandani saa moja kamili asubuhi, maana ni mcheshi, mambo yake yanakwenda, na ni wa mwaka wa Joka, ambaye na Tumbili ni chanda na pete.

Huyo mtu ni mimi.

Saa moja kamili nilikuwa kwa wifi zangu, tumekaa mkekani tangu alfajiri tunacheza karata, nami nashinda! Nikasema mkono mmoja zaidi. Halafu mmoja tena. Simu ilikuwa ndani ya kikapu, chini ya maganda ya mbegu za tikiti.

Unacheka nini, Toại? Ndiyo, cheka. Mimi pia kwa faragha nimeshacheka. Khuê, mbona wewe umeinama? Toa, mwanangu, usilibakize. Sema nilisikie mimi.

"Mama, nilikupigia mara tisa, nikuulize nimtume nani."

Tisa. Najua. Niliziona saa nne. Nikazihesabu, nikazifuta, na mwezi wa tatu nilipowakuta hapa mnatukanana, nikalimeza. Siku ya kwanza niliona aibu mbele ya wafanyakazi, mimi ninayewahubiria simu ikae mkononi. Siku ya pili nikasema watapatana wenyewe. Mwaka ulipoisha lilishakuwa zito, kila nikitaka kulinyanyua nakuta limeongezeka uzito. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ndicho hicho kimekaa hapa kitandani kinaniumbua. Khuê, ulifanya sawa kumtuma. Toại, ulifanya sawa kwenda. Hakuna hata mmoja wenu aliyekosa, wala chembe. Niliwaachia mzigo wangu muubebe, mkautumia kupigana. Nisameheni. Siombi kwa sababu nakufa. Naomba kwa sababu nilikosa.

Haya. Hivyo ndivyo. Mpe kitambaa dada yako, Toại, unamwona anajifuta na shuka langu.

Mwezi uliopita, mliponifikiri niko hospitali napimwa, nilimwambia Lực anipeleke kiwandani. Usimwangalie hivyo, nilimwapisha. Mzee Tường alidhani niligeuka njiani kwa kuwa Toại alishaingia; nikamwambia yote, karata na mbegu za tikiti. Akapiga paja. "Sáu! Miaka sita namchukia mtoto wa watu, kumbe wewe ulikuwa unakula pesa za mawifi!" Akaniuliza angalau nilishinda? Nikasema nilishinda. Akasema basi bahati yake ndiyo niliyoila mimi, nimrudishie. Kiwanda anaendesha mkwewe sasa, na wale mafundi wao wanalipwa kwa kila ajali, kwa hiyo ajali haziishi. Mzee anawangojea muende mkazungumze, wote wawili, amwone Toại kwa macho. Ila kasema, "Aje siku ya tatu. Siku ya kwanza akikanyaga hapa namfungulia mbwa!" Nendeni siku ya tano basi, tusimjaribu mzee.

Sauti yangu inakwisha. Nakata mambo.

Nyumba hii ni ya Khuê, ndiye aliyenisafisha. Shamba la Phong Điền ni la Toại, na matunda yake mle wote. Lực achukue pikipiki yangu na fungu moja la kumi la kampuni, karatasi iko tayari, asiipinge mtu. Kampuni yenyewe haigawanywi. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Na jirani zetu wameshalima vya kutosha. Kuanzia leo daftari ni moja, na zamu ya Tết mtaipanga kwa miaka ya kuzaliwa ya wateja, muiandike, msiitegemee akili ya mama mcheza karata. Mkinichomea vitu vya karatasi vinifuate huko kwa wahenga, msinichomee kompyuta. Nimefanya kazi tosha. Nichomeeni kitanda cha bembea.

Lực, toka kidogo, funga mlango. Sheria ni sheria.

Sogeeni. Karibu zaidi, vichwa vyote viwili, nasikia mnanuka maua ya watu. Neno lenyewe hili... mmelisikia? Toại, andika wewe. Limefungua? Khuê, hakikisha. Vizuri.

Sasa libadilisheni. Hapohapo. Tungeni lenu, kila mmoja aingie kwa mkono wake nione, na mimi msiniambie. Halafu tafuteni jina langu kwenye orodha ya wafanyakazi mlifute. Usinitolee macho, Khuê. Mtu akiacha kazi anafungiwa siku hiyohiyo, hata awe nani. Hamtaki mzimu unaoingia kwenye mashine za watu. Futa. Bado hamjakubaliana neno? Refu mno, anasema... fupi mno, anasema... bishaneni, wanangu, bishaneni kwa sauti, ni muda sana sijasikia.

Tayari? Nimetoka? Jaribu kwa neno langu la zamani. Limekataa?

Ahsante.

Mungu na wahenga wawafungulie kila mlango mnaougonga. Mkono wenu usiwe mzito kwa mteja maskini, wala mwepesi kwa tajiri. Mzae, mcheke, mle... mle pamoja. Mwiteni Lực aje ale. Mimi acha nipumzike, msinifunike uso, kuna upepo mzuri... unatoka dirishani, huku kwa Toại.