Peris Nabwile na Ukurasa Walioamuru Uzimwe

Tarehe 31 Desemba 2008, Bi. Peris Nabwile atafunga mlango wa ofisi kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi na elimu ya afya hapa Kitale na kule Bungoma. Kamati ya maandalizi iliniomba niandike jambo tamu la kusomwa wageni wakingoja chakula. Nimejaribu. Kila nikianza utamu, hasira inaingia. Basi wageni wetu mtusamehe: wali utakuwa mtamu, lakini maandishi haya yana ndimu.

Mama Nabwile, kama tunavyomwita hata sisi tusiopishana naye sana kwa umri, alizaliwa Matulo, karibu na Webuye huko Bungoma, katika familia ya wakulima wa miwa. Alianza kazi mwaka 1977 katika zahanati ndogo upande wa Bokoli. Huko wanamkumbuka kwa namna alivyodunga watoto sindano. Mtoto akianza kulia, naye alilia, tena kwa sauti kubwa kumshinda, mpaka mtoto ananyamaza kwa mshangao na sindano imeshatoka. Wazazi walicheka hadi kushika mbavu. Chanjo hazikukosa watu.

Mwaka 1994 alihamishiwa Kitale, akawa afisa wa elimu ya afya. Hapo ndipo tulipokutana, mimi nikiwa muuguzi wa kliniki ya watoto, na tangu hapo tumekunywa chai pamoja siku nyingi kuliko nilizokunywa na mume wangu.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mwaka 2003 ofisi yetu ilipewa moja na wafadhili, ili wafanyakazi wasome habari mpya za kuzuia magonjwa. Iliwekwa katika chumba cha mkubwa wetu wa wakati huo, ikafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Aliyetaka kuitumia aliambiwa aombe kwa maandishi. Aliyeomba kwa maandishi hakujibiwa. Mimi niliiona ikiwashwa mara kadhaa, na kila mara ilikuwa inachezewa karata.

Mwaka uliofuata, mvua ndefu zilileta kuhara Kipsongo, mtaa wa mabanda hapa Kitale. Mabango ya kuonya watu yalitufikia watoto wakiwa wameshazikwa, na yaliandikwa Kiingereza. Tulikwenda mimi na Mama Nabwile kumpa pole mama mmoja aitwaye Nyaruai, mfua nguo, aliyefiwa na mwanawe wa miaka miwili. Majirani walikuwa wamemwambia asimpe mtoto maji, eti maji yanaongeza kuhara. Akamnyima. Mtoto aliomba maji mpaka sauti ikaisha.

Mama Nabwile hakutaka kumwongezea uchungu, lakini Nyaruai alikuwa na mwingine mgongoni, kwa hiyo ilibidi amwambie. Mtoto anayehara hupewa maji safi yenye sukari na chumvi, tena mengi, huku akikimbizwa hospitali.

Nyaruai alimtazama. "Hii maneno ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa ofisini," Mama Nabwile akasema. "Kwa vitabu. Siku hizi iko hata kwa intaneti, dunia nzima inasoma."

"Na hiyo intaneti ni ya nani?"

Tuliaga, tukarudi mjini kwa miguu. Karibu na soko, Mama Nabwile alisimama na kuniambia, "Edah, mimi sitalala na hilo swali." Akaniacha hapo hapo, akavuka barabara.

Alikwenda kwa Santosh. Wenyeji wa Kitale wanalijua duka hilo: upande mmoja Baldev anauza spea za trekta, upande wa pili mkewe Santosh ana saiba, yaani duka la intaneti, yenye kompyuta chache na feni inayopiga kelele kama posho mill ya kusagia mahindi. Mama Nabwile hakuwahi kushika kipanya maishani mwake. Siku ya kwanza alikiinua hewani akakielekeza kwenye skrini, kama watu wanavyofanya na rimoti ya tivii. Santosh alicheka, kisha akavuta kiti, akaketi karibu naye. Hawajaachana tangu siku hiyo.

Walitengeneza ukurasa wa intaneti wa Kiswahili, na sehemu yake kwa Lubukusu, lugha ya kwao Mama Nabwile, kuhusu kujikinga na magonjwa ya maji machafu. Mama Nabwile alisoma maelezo ya mashirika makubwa ya afya, akayaandika upya kwa maneno ya watu wetu, akampa daktari ayakague kabla ya kuyaweka. Santosh naye alikuwa hakimu wa lugha.

"Hiyo jina ya kidaktari nani anajua?" alikuwa akigomba. "Sema tu maji ya sukari na chumvi. Mimi nikielewa, Kipsongo wataelewa."

Basi wakaandika hivyo: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa ukingoni. Nawa mikono kwa sabuni, na kama huna sabuni tumia jivu. Macho ya mtoto yakibonyea, usingoje kesho. Kisha Mama Nabwile akachapisha kwa herufi kubwa, akazunguka akisoma penye posho mill, makanisani na kwenye baraza za chifu, kwa sababu alishikilia kwamba intaneti ikiishia kwenye kompyuta haijafika popote. Nyaruai, ambaye hakusoma shule, aliyashika maneno yote kichwani. Mtaani kwake yeye ndiye aliyekuwa ukurasa.

Siku muuguzi mmoja wa Kigoma alipoandika kwamba anautumia kufundishia akina mama wa huko, Mama Nabwile aliuchapisha ujumbe huo, akakimbia nao koridoni kote kama mtu ambaye mwanawe ameitwa chuo kikuu. Alimsomea kila mtu, pamoja na mgonjwa mmoja aliyekuja kung'olewa jino.

Mwaka 2006 akaweka picha. Ilionyesha mfereji wa maji ya kunywa wa Kipsongo, na hatua chache kando yake bomba la majitaka lililopasuka likimwaga uchafu. Chini yake aliandika: "Hapa ndipo ugonjwa unapotoka." Ilikuwa kweli tupu.

Mkubwa alimwita siku iliyofuata. Nilikuwa nimepeleka ripoti, nikasikia yote.

"Umetuaibisha mbele ya dunia," alifoka. "Nani alikutuma kupiga picha? Toa hiyo kitu leo!"

"Toeni majitaka kwanza, bwana," Mama Nabwile akajibu. "Mimi nitatoa picha."

Majitaka hayakutolewa. Kabla mwezi haujaisha, barua ya uhamisho ilikuwa mezani kwake: arudi Bokoli, alikoanzia kazi. Kwa Baldev kulitumwa watu wawili kumuuliza kama leseni yake ya biashara iko sawa, na kama anajua mambo yanayowekwa kwenye mashine za mkewe. Baldev si mwoga, lakini alikuwa na watoto shuleni. Alimwomba Santosh auzime ukurasa, na Santosh akauzima huku akilia. Siwalaumu. Ninawalaumu waliotuma watu wawili kutisha duka badala ya kutuma mtu mmoja mwenye koleo kwenda kuziba bomba.

Mvua ndefu za mwaka uliofuata zilileta kipindupindu Webuye na viunga vyake. Kwa wiki nzima wakubwa walikiita "ugonjwa wa tumbo", kwa sababu neno kipindupindu lingewalazimu kufanya kazi. Maagizo hayakuja, dawa ya maji haikuja, na watu waliokwenda saiba kutafuta ule ukurasa wa Kiswahili waliousikia kanisani walikuta skrini tupu.

Katika wiki hiyo alifariki Nanyama, mke wa kaka yake Mama Nabwile, huko Matulo. Alianza kuhara asubuhi. Watu wa nyumbani wakamnyima maji, wakangoja aone nafuu. Kufikia jioni hakuwepo. Mama Nabwile alikuwa Bokoli akihudumia wagonjwa wa watu wengine, na habari zilimfikia akiwa ameshika dripu. Mimi sisemi ukurasa ungemwokoa Nanyama. Nasema haukuwepo, na kuna aliyeamuru usiwepo.

Tulipotoka kumzika, Mama Nabwile aliazima simu yangu, yake ikiwa imeisha chaji, akampigia Santosh.

"Rudisha," akasema.

Nilisikia sauti ya Santosh kwa mbali. "Mama, wakikuja tena?"

"Waambie ni Nabwile amesema."

"Hapana," Santosh akasema. "Nitawaambia ni sisi wawili."

Ukurasa ulirudi siku hiyo hiyo, safari hii ukiwa na jina la Mama Nabwile na namba yake ya simu. Simu yenyewe haikupumzika. Katekista mmoja wa Bokoli, Mzee Wepukhulu, aliuchapisha Webuye, akausoma kanisani kabla ya matangazo ya ndoa. Makatekista wengine, mapadre na wachungaji wakafuata. Tukaanza kuona wagonjwa wakiletwa mapema, wakiwa wameshanyweshwa njiani, wengine chupa ya maji ya sukari na chumvi ikiwa bado mdomoni. Walipona. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na hakuna kitu kinachonifurahisha kama mgonjwa wa kipindupindu anayelalamika kwamba ana njaa.

Ugonjwa ulipoisha, mkubwa alimwita Mama Nabwile Kitale mbele ya kamati ya nidhamu. Nilikwenda naye. Nje kwenye benchi walikuwa wameketi Santosh, Baldev akiwa na kilemba chake cha sherehe, na Nyaruai na mtoto wake.

"Nani alikupa ruhusa ya kurudisha ukurasa huo?" mwenyekiti aliuliza.

"Nyaruai," akajibu.

Wakaandika jina hilo. Mmoja wao akauliza Nyaruai yuko idara gani. Mama Nabwile akasema, "Ni mfua nguo wa Kipsongo. Mtoto wake alikufa kwa kukosa maneno mliyofungia ofisini. Ameketi hapo nje, mnaweza kumwuliza."

Hawakumwita. Walimpa Mama Nabwile onyo, wakamrudisha Kitale kwa sababu kazi ilikuwa imewalemea. Hakuna aliyesema asante, wala aliyesema pole kwa msiba.

Na uchungu zaidi ulikuwa mbele. Kabla mwaka huo wa uchaguzi haujaisha, kilitoka kijitabu cha afya cha serikali chenye picha za rangi, kikasifiwa redioni kuwa kazi ya kisasa ya wataalamu. Nilipokifungua nilikuta maneno ya Mama Nabwile, sentensi kwa sentensi. Mnajua sisi na wenzetu wa Bungoma tunavyotaniana kuhusu zile herufi mbili, l na r, zinazowasumbua. Katika toleo la kwanza la ukurasa wake aliandika "Nawa mikono kabla ya kura." Santosh aliligundua kosa hilo na kulirekebisha zamani, lakini walionakili walikuwa wamenakili toleo la kwanza. Kwa hiyo nchi nzima ikahimizwa kunawa mikono kabla ya kupiga kura. Mama Nabwile alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi sikucheka, kwa sababu nilitafuta jina lake kuanzia jalada hadi jalada na sikuliona. Kijitabu hicho kimepangwa leo pale mlangoni kama zawadi kwa wageni. Kichukueni, maneno yake ni mazuri. Jina la mwandishi ni Peris Nabwile, andikeni wenyewe kwa kalamu.

Mkubwa yule alipandishwa cheo. Bomba la Kipsongo lilizibwa, likapasuka tena, na wiki hii nimepita hapo nimeziba pua. Wageni waheshimiwa wenye magari, mkimaliza kula, si mbali.

Kuhusu ukurasa, mstaafu wetu alikuwa na wasiwasi utafia wapi akishaondoka. Jana nilikwenda kwa Santosh. Tumeongeza habari za malaria na homa ya matumbo, na chini ya jina la Mama Nabwile nimeweka langu, Edah Chepkemei, pamoja na namba yangu ya simu. Anayetaka kuniita mbele ya kamati anajua ninapofanya kazi.

Mama, asante. Umetufundisha kazi na umetufundisha kuwa wakali inapobidi. Nenda Matulo ukalale mpaka jua liingie dirishani, ulime mboga zako, umsumbue kaka yako, uimbe kwaya bila kukimbilia zamu. Mungu akupe miaka mingi yenye afya na furaha. Simu ikilia, usiishike. Hiyo sasa ni yetu.